Nijue vipi kama nyumba ya wazee itamtunza mama vizuri?

Niko Katuba, Lubumbashi. Mama ana miaka 81, kiharusi kimemwacha upande wa kushoto hausogei. Ndugu zangu wanataka tumpeleke kwenye nyumba ya wazee. Nilienda Jumapili baada ya misa: sakafu inang'aa, masista wakarimu. Lakini nilimkuta bibi mmoja midomo imemkauka, kikombe chake cha maji kiko dirishani, mkono haufiki. Sijakisahau kikombe kile. Niangalie nini kabla ya kukubali?

Jibu
Dada, kikombe hicho kimesema mengi kuliko sakafu. Rudi siku ya kazi, usiku, bila kutoa taarifa. Baba yangu alikaa katika nyumba moja hapa mjini. Mchana kila kitu sawa, usiku mlinzi mmoja kwa wazee ishirini na wawili. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Siku tuliyofunua shuka tukakuta kidonda kisiginoni, na kingine chini ya mgongo, chekundu, kinanuka. Tulimrudisha nyumbani siku ileile.

Jibu
Pole sana, kaka. Dada, nenda pia saa ya chakula. Uone kama wanamkalisha mgonjwa wima kabla ya kumlisha bukari, yaani ugali. Mwenye kiharusi anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni.

Muulizaji
Asanteni. Nitarudi Jumanne usiku. Na mama mwenyewe, kumbe hakuna aliyemuuliza. Naanza na hilo leo.