Dizeli kuukuu ya kuvumilia chumvi ya Mombasa: Land Cruiser 75, Defender, Prado 90 au Patrol?

NgalawaTudor
Assalaam alaykum. Nishikeni mkono kabla sijatoa pesa.

Nakaa Tudor, kazi iko Ukunda, kwa hivyo feri ya Likoni ni kwenda na kurudi siku tano kwa wiki. (Njia ya Dongo Kundu ya kukwepa feri naijua. Kwangu ni kuzunguka mji mzima, msinipeleke huko.) Mwisho wa mwezi nakwenda kwa wazee upande wa Kinango, na mvua ikishuka ile njia hugeuka uji. Tena nimeshawaahidi watoto Tsavo.

Kuagiza nje haiwezekani: gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini, na la umri mdogo bei yake ni ya kiwanja. Nimebaki na ya humu humu, nimeona manne. Land Cruiser HZJ75 ya 1994, injini ya 1HZ, ile ndefu ya mlango wa nyuma, ilikuwa ya shirika huko kaskazini. Rangi imekufa, viti vimeraruka. Defender 110 ya 1996, injini ya 300Tdi, imetoka Nanyuki, inang'aa kama bibi harusi. Prado 90 ya 1998, dizeli ya 1KZ-TE, otomatiki, ya bwana mmoja wa Nyali, haijawahi kukaa nje ya Mombasa. Na shemeji yangu ana Patrol Y60 ya injini ya TD42, imelala uani Mtwapa mwaka wa pili huu. Anasema nimpe chochote.

Nikishanunua nataka kulipandisha kidogo, nitie snorkeli (bomba la kuvutia hewa juu ya paa), na ikiwa ni 1HZ nitie tabo (ya kuisukumia injini hewa zaidi). Haya semeni.

Mpiga_Spana
Alaykum salaam. Naanza na injini kwa kuwa ndiko kila mtu huanzia, ijapokuwa siko.

1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Ukipanda Mazeras na mzigo matatu zitakupita zikikupigia honi, lakini utafika. Deni lake ni moja: mkanda wa taimingi, unaoziendesha vali kwa wakati wake; ubadilishwe kila kilomita 100,000. Muuzaji akikwambia "ulibadilishwa juzi" na risiti hana, hesabu haujabadilishwa. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana.

TD42 ni lita 4.2 pia, na haina mkanda kabisa, ni gia kwa gia. Kwa uvumilivu siioni ya kuishinda. Shida ya hiyo ya shemeji ni kulala. Tangi lililokaa na dizeli nusu kwa miaka miwili katika unyevu wa Mtwapa lina maji chini na uchafu mweusi wa utelezi juu yake. Literemshwe lioshwe, filta na mipira ya dizeli ibadilishwe, kabla hata ya kugusa funguo. Ukiiwasha kwa mtindo wa "tujaribu tu", yale maji yanaingia kwenye pampu, na pampu ndiyo bei ya gari.

300Tdi ni ndogo, lita 2.5, silinda nne, lakini ilizaliwa na tabo na inanyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ndiyo maana hainywi sana. Nayo ina mkanda. Zile za mwanzo mwanzo puli hazikukaa kwenye mstari, mkanda ukawa unaliwa ukingo, mpaka vikatoka vifaa vya kurekebisha. Kuna kiziba kidogo chini ya kifuniko cha mkanda. Kifungue, tia kidole. Kikitoka na unga mweusi, mkanda unakwisha.

1KZ-TE ni tamu na ina nguvu, ila hedi yake ya alumini (kifuniko cha juu cha injini) haisamehe joto. Hupasuka kati ya vali. Na hiyo otomatiki, mafuta ya gia yanapozwa ndani ya rejeta yenyewe. Rejeta ikitoboka kwa ndani, maji na mafuta vinachanganyika vinakuwa rangi ya juisi ya mapera. Ukiiona juisi hiyo, giaboksi nayo iko njiani kwenda.

MamaWaLikoni
Injini, injini. Mie gari langu la kwanza liliniacha injini ikiwaka kwa nusu funguo.

Nililala chini kutafuta mlio, nikaegemeza bisibisi kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, nyuma ya tairi la kushoto, ikazama kama kwenye papai. Fundi akaja na nyundo, tukakuta chuma kimebaki chembamba kama ganda la yai. Niliuza vipande vipande.

Wewe mtu wa feri kila siku, siku moja tazama pale mlango wa feri unapolala nchi kavu. Maji ya bahari yanapanda, gari la mbele linayarusha, lako linayanywa kwa chini. Asubuhi na jioni. Halafu unakwenda kuoshea pale penye bei nafuu, wanavuta maji ya kisima. Yakhe, umewahi kuyaonja? Unaosha chumvi kwa chumvi.

Kasi_Bamburi
Chukua 75, funga tabo, matairi ya inchi 35, springi juu inchi 4. Mengine ni woga wa wazee 😂

Mpiga_Spana
Kasi, sisi wazee ndio tunaozifungua hizo zenu baadaye.

1HZ ina vyumba vidogo vya kuwashia ndani ya hedi, na mgandamizo wake unapita 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, yenye tabo ya kiwandani, mgandamizo ulishushwa hadi 18.6 na pistoni zake ni nyingine kabisa. Yaani wenyewe waliounda hawakuichukua 1HZ wakaipachika tabo tu. Inafungika, sikatai, nimezifunga: presha ndogo, pauni 7 au 8 kwa inchi ya mraba, na lazima kipimo cha joto la moshi, kitiwe kabla ya tabo. Ukikaribia nyuzi 700 unaachia mguu. Lakini watu wanafunga tabo, wanafungua pampu imwage dizeli, na kipimo hawatii kwa kuwa hakionekani na mtu wa nje. Gari linaruka miezi kadhaa, kisha hedi inafanya nyufa karibu na vile vyumba.

Na kwa mtu wa Tudor hadi Ukunda, foleni ya feri katikati, hiyo haraka anaipeleka wapi?

Tairi nyembamba ya 7.50R16 inaukata ule uji wa Kinango ikatafuta udongo mgumu chini. Ile pana inaelea. Inchi 35 inaitesa difu (gia za ekseli), inaichosha breki, na dashibodi inakudanganya mwendo. Springi inchi 2 zinatosha, zaidi ya hapo propela shafti, mtaimbo wa kupeleka nguvu kwenye ekseli, inaanza kulalamika.

Kasi_Bamburi
Sawa babu. Lakini mnikumbuke mkiwa nyuma ya lori Mazeras.

DefenderKwale
Niitetee yangu, nina mwaka wa kumi na moja nayo.

Husemwa bodi ni alumini haipati kutu. Kutu kweli haipati. Lakini popote alumini inapofungwa kwenye chuma, chumvi ikaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Tazama chini ya bawaba za milango: rangi inafura malengelenge, ukiyatumbua kwa ukucha unatoka unga mweupe kama wa muhogo. Chesisi yenyewe ni chuma, na huanza kufa nyuma kabisa, pale penye kuvutia trela. Tena ule ukuta kati ya injini na miguu yako. Mimi niliishia kubadilisha chesisi nzima kwa iliyochovywa zinki, na hiyo pesa sitaki mke wangu aisome hapa.

Raha yake? Safari ya Voi napata kama kilomita 10 kwa lita, 4.2 hainifikii. Mvua ikinyesha inanivujia gotini, hilo tumeshazoeana.

Hiyo ya Nanyuki kuwa bibi harusi ndiko kunakonitia shaka. Je, chini imepakwa lami ya kuficha kutu? Kama imepakwa nenda na nyundo.

SpeaMjini
Nauza spea, kwa hivyo nichujeni. Ya Land Cruiser 75 utaipata hata dukani kwa muuza unga. Ya Defender ipo, ila ujue kuchagua, mpira wa bei rahisi unapasuka kabla hujafika nyumbani. Patrol Y60 mara nyingi tunasubiri Dubai, na gari likingoja spea wiki tatu uani, kuku wanahamia.

Jambo moja hamjaligusa: mafuta ya taa ndani ya dizeli. Tangu ushuru uliowekwa 2018 faida ya kuchanganya ilipungua, lakini mimi bado naletewa pampu zilizokwaruzika. Hizi pampu za zamani zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, yanazikausha. Chagua kituo kimoja chenye wateja wengi, ukae hapo hapo. Na ukague namba ya injini dhidi ya logibuku, maana magari ya umri huu mengi yalishabadilishwa moyo.

NgalawaTudor
Ripoti ya Jumamosi. Nimezunguka na nyundo ndogo pamoja na bisibisi ya Mama.

Prado: injini kimya, AC barafu, mwenyewe mkarimu kaniletea mahamri na chai. Nikaingia chini. Chesisi mbele inalia *ting*, *ting*, nilipofika juu ya ekseli ya nyuma ikalia *dufu*, na magamba ya kahawia yakanimwagikia usoni. Nikamaliza mahamri nikaaga.

Defender: kidole kimetoka safi, lakini lami ipo, tena mbichi, inanata. Nimekwaruza pahali pamoja, chini yake bati limechomelewa juu ya bati. Muuzaji akaanza kuniambia habari za wateja wengine waliopiga simu.

75: kutu ya juu juu, ya kupangusa. Nikazibua matundu ya chini ya chesisi kwa waya, ukamwagika mchanga mwekundu kama kikombe kizima, mkavu kabisa. Sijawahi kufurahia uchafu hivyo. Namba ya injini na logibuku zinakubaliana. Mkanda haujulikani.

Patrol moyo unaitaka, lakini shemeji ni shemeji. Ikiharibika sitakuwa na pa kulalamikia.

Bado snorkeli. Nitie?

Mpiga_Spana
Tia, ila si kwa sababu ya mito. Kwa sababu ya vumbi la Tsavo; hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ya kwenye tairi. Kila kiungo kifungwe na kuzibwa. Ukirudi safari, fungua mpira unaotoka kwenye filta kwenda injini, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu, snorkeli yako ni pambo na injini inakula mchanga.

Mkanda kwanza lakini, kabla ya rangi, kabla ya viti. Pamoja na beringi yake ya kukazia.

DefenderKwale
Na kabla hujaanza feri, liache likauke, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi kupitia matundu hayo hayo, halafu uyaache wazi. Oili chafu usipake, wanakwambia ni dawa ya bure. Inafurisha bushi za mpira na kushika mchanga.

NgalawaTudor
Nimelichukua. Mkanda na beringi vimefungwa jana, ule wa zamani ulikuwa na nyufa ndogo ndogo mgongoni, namba zimefutika hata hazisomeki. Nta imeingia, imetoka ikidondoka kwenye matundu kama asali. Tabo nimeiacha. Leo nimevuka nalo mara ya kwanza, nikasikia maji yakipiga chini pale mlangoni, nikamkumbuka Mama.

MamaWaLikoni
Hongera mwanangu. Waoshea wapi?

NgalawaTudor
Nyumbani, maji ya bomba. Yakitoka.