Naomba ushauri: kutoka umeneja hadi uenyekiti wa chama

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nilikuwa meneja kampuni ya mkonge hapa Tanga. Nimestaafu, na chama chetu kichanga cha siasa kimenipa uenyekiti. Tuna usajili wa muda tu, na wanachama karibu wote ni wa Ngamiani, Muheza na Pangani. Usajili kamili unataka wanachama 200 kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo.

Nimeendesha vikao kwa ajenda na taarifa za maandishi kama kazini. Wazee wananyamaza, halafu mambo yote yanaamuliwa barazani kwenye kahawa, mimi sipo. Inaniuma, maana chama hiki nakipenda.

Je, nihamishie vikao barazani? Na Pemba, tuanze kupitia ndugu zetu au tufungue ofisi kwanza?