Prius ZVW30: pampu ya breki haitulii, taa nyekundu imewaka, na waranti ya yadi haigusi breki. Nianzie wapi?

Kilimani_Dom
Wakuu, naomba ushauri kwa wanaozijua haibridi. Gari ni Prius ZVW30 ya 2012, kilomita 121,000, imeshuka Dar ikitokea Japani. Ukifungua mlango wa dereva pampu ya breki inanguruma, hilo najua ni kawaida. Tatizo ni kwamba ikishanyamaza inaanza tena baada ya sekunde saba au nane, na hakuna aliyegusa pedali. Sasa taa nyekundu ya breki, ABS na ile ya gari linaloteleza zinawaka zote kwa pamoja na king'ora hakikatiki. Ukizima na kuwasha zinapotea kwa muda, halafu zinarudi. Mashine ya kupima imesoma kodi (namba za hitilafu) C1391 na C1252.

Fundi wa kwanza anasema akumuleta, wa pili anasema pampu, wa tatu anataka kufungua betri kubwa. Karatasi ya yadi imeandikwa "waranti miezi 3, injini na giaboksi". Muuzaji anasema breki za haibridi ni mambo ya umeme, kwa hiyo hayamhusu. Maswali yangu ni mawili: nibadilishe nini, na nina haki ya kudai chochote?

Fundi_Tabata
Mkuu, kabla ya yote usiendeshe hilo gari. Ile taa ya breki ya njano ingekuwa habari nyingine. Nyekundu pamoja na king'ora maana yake presha ya mafuta ya breki imeshuka chini ya kiwango ambacho kompyuta inakiamini. Presha ikiisha kabisa, gari linarudi kwenye mfumo wa akiba: nguvu ya mguu wako inapita kwenye masta silinda kwenda magurudumu ya mbele tu, bila msaada wowote. Utasimama, ila ni kwa kukanyaga kwa nguvu zako zote na kwa umbali mrefu. Ikikukuta barabarani, weka gia kwenye B (ile ya kupunguza mwendo), kanyaga mara moja na ushikilie. Usipampu, kila mkanyago unakula presha iliyobaki. Breki ya maegesho ya ZVW30 ni ile pedali ndogo ya mguu wa kushoto, nayo inavutwa kwa waya, haitegemei pampu hata kidogo.

Sasa kuhusu kilichokufa. Gari hili halina busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki) ya upepo kama Corolla ya kawaida. Lina pampu ya umeme inayojaza akumuleta, chombo chenye gesi ya naitrojeni kinachohifadhi mafuta ya breki kwa presha inayozidi bar 100. Ukikanyaga, sensa zinasoma mguu wako, kompyuta inaamua mota ya gari ifanye kiasi gani cha kazi ya kupunguza mwendo, na kiasi kinachobaki valvu zinakitoa kwenye akumuleta na kukipeleka kwenye kalipa. Valvu hizo zimo ndani ya busta yenye masta silinda, ukutani nyuma ya injini.

C1391 inasema presha ya akumuleta inavuja. C1252 inasema mota ya pampu inafanya kazi muda mrefu kupita kiasi. Zikija pamoja, na chini ya gari hakuna tone, mafuta yanavuja kwa ndani: yanapita kwenye valvu au sili zilizochoka na kurudi kwenye kikopo cha juu. Pampu inajaza, valvu inamwaga, pampu inajaza tena. Ndiyo hizo sekunde nane zako. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni busta yenye masta silinda, na pampu ni wa pili kwa sababu imetumikishwa mno. Ukiweka pampu mpya juu ya busta inayovuja, utarudi hapa na pampu nyingine mbovu.

Betri kubwa aiache. Haihusiki na kodi hizi.

Mzee_wa_Voltmita
Nakubaliana na Fundi_Tabata, ila betri ndogo ya nyuma ipimwe kwanza maana ni kazi ya dakika tano. Gari likiwa limelala usiku mzima isome karibu 12.6 V. Chini ya 12.0 hiyo ni mgonjwa. Ukiwasha hadi dashibodi iandike READY, yaani gari liko tayari kuondoka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Haibridi hazina alternata, kibadilishaji cha umeme ndicho kinachochaji betri ndogo, na pampu ya breki inakula umeme wake wote kutoka humo. Umeme ukishuka utaona C1241 kwenye orodha, na hapo usinunue kifaa chochote cha breki kabla ya kumaliza hilo.

Jambo jingine: skana za bei ndogo za bluetooth kwa kawaida husoma injini peke yake na kukwambia gari ni zima. Kwa breki za Toyota tafuta fundi mwenye Techstream (programu ya Toyota ya kusoma hitilafu) au mashine inayoingia kwenye ABS yenyewe. Mwambie akuonyeshe pia presha ya akumuleta ikisomeka moja kwa moja kwenye skrini. Ukiiona ikipanda, halafu ikiporomoka yenyewe wakati mguu uko chini, mjadala umekwisha.

ChumaChakavu
Mbona mnamtisha? Kariakoo zimejaa, anabadilisha busta iliyotumika jioni anaondoka.

Fundi_Tabata
@ChumaChakavu zimejaa kweli, lakini zimetoka kwenye Prius za miaka ileile, na sili za ndani zina umri uleule. Anayenunua ya mtumba aone kwanza gari ilikotolewa likiwashwa, au angalau apewe maandishi ya kurudisha ikifungwa na pampu ikaendelea kujirudia. Na asichukue ya modeli nyingine kwa sababu "inafanana". Busta hii imebeba kompyuta ya breki mgongoni. Aqua, Prius na Axio zina za kwao. Agiza kwa namba ya chesisi.

Hiyo "jioni anaondoka" pia inategemea. Paneli ya waipa na mota yake vinatoka, mabomba yanafunguliwa, halafu kuna kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Ni kazi ya siku nzima ukiifanya bila kulipua.

Wakili_Mtaani
Nijibu upande wa waranti, maana naona watu wengi wanachanganya waranti tatu tofauti.

Ya kiwanda: gari lililouzwa jipya Japani hubeba waranti ya Toyota ya miaka 3 au kilomita 60,000 kwa vitu vya kawaida, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu muhimu, breki zikiwemo. Hiyo ni ya gari linalotumika Japani. Likishapanda meli haikufuati, na kwa gari la 2012 ilikuwa imekwisha zamani kwa vyovyote.

Ya hitilafu ya kiwanda, yaani gari kuitwa lirudi: hii haiendi kwa umri wala kilomita, inaenda kwa namba ya chesisi. Mwezi Juni 2013 Toyota iliita Prius na Lexus HS 250h takriban 242,000 duniani, zilizotengenezwa 2009, kwa sababu akumuleta ya breki ingeweza kupata ufa na gesi kuingia kwenye mafuta. Yako ya 2012 haimo humo, ila mwenye Prius ya mwanzo mwanzo aangalie. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza chesisi: herufi, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano ZVW30 na zinazofuata. Tovuti za Marekani hazitakusaidia, zinataka namba ya tarakimu na herufi 17, na magari ya soko la Japani hayana. Ukikuta gari limeitwa na halijatengenezwa, peleka karatasi hiyo kwa wakala wa Toyota nchini na uombe jibu la maandishi.

Ya yadi: ni mkataba wenu wawili. "Injini na giaboksi" kweli haina breki. Lakini karatasi hiyo si mwisho wa haki zako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa hizo auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, isipokuwa mmekubaliana waziwazi kuliondoa sharti hilo. Soma basi kama karatasi yako ina maneno ya "limeuzwa kama lilivyo" na umeyasaini. Kama hayapo, una pa kusimama. Atakwambia ulilikagua mwenyewe. Mjibu kwamba ukaguzi wa macho unakubana kwa kasoro ambazo macho yangeziona, na valvu inayovuja ndani ya busta haionekani hata ukivua miwani.

Cha kufanya: andika barua, taja tarehe ya kununua, kilomita za siku hiyo na za leo, ambatanisha chapa ya kodi zenye tarehe, na umpe siku 14. Usiruhusu gereji yoyote ifute kodi kabla hazijachapwa. Zikifutwa, muuzaji atasema gari lilikuwa zima. Akikaa kimya, Tume ya Ushindani, yaani FCC, inapokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Binti_Likoni
Na sisi wa Mombasa? Niko na Aqua NHP10, yangu ni taa ya breki ya njano pekee, hakuna king'ora. Yadi imeniandikia "hybrid system warranty" ya miezi sita.

Wakili_Mtaani
Dada, waambie waorodheshe kwa maandishi hiyo "hybrid system" ina vifaa gani. Kwa kawaida wanamaanisha betri kubwa na inverta, na siku ya shida breki inaachwa nje. Kama wamekataa kuorodhesha, maneno hayo waliyaandika wao, utata usomwe dhidi yao. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60.

Mzee_wa_Voltmita
Na ya njano, @Binti_Likoni, isomwe mapema kabla haijawa nyekundu. Mara nyingine ni umeme mdogo tu, au gereji ilibadilisha pedi na kurudisha pistoni za kalipa wakati mfumo wa breki uko macho.

Msela_Minneapolis
Huku Marekani mkanganyiko ni uleule. Waranti ya haibridi ya Prius za kizazi hicho ni miaka 8 au maili 100,000, na inashika betri kubwa, kompyuta yake na inverta. Busta ya breki haimo. Ndiyo maana 2019 Toyota ikatoa mpango wa pembeni, ZJB, kwa Prius za 2010 hadi 2015: busta na pampu bure kwa miaka 10 tangu gari lianze kutumika au maili 150,000, gari likiwa na kodi zinazotajwa, C1391 na C1252 zikiwemo. Hauhusu magari ya Japani, na hata huku muda umeshawapita wengi. Ila kwa barua ya mwenzetu ni kiambatanisho kizuri: mtengenezaji mwenyewe alikiri kifaa hiki kinaweza kufa kabla ya siku zake, kwa hiyo hoja ya "umeendesha vibaya" haina nguvu.

Kilimani_Dom
Asanteni. Gari limeegeshwa. Betri ndogo: 12.5 asubuhi, 14.1 kwenye READY. Presha kwenye skrini inapanda na kushuka yenyewe. Kodi nimezichapa. Barua inaandikwa. Yadi ikikubali kutengeneza, nisimamie nini pale gereji?

Fundi_Tabata
Basi ni busta, na pampu ibadilishwe pamoja nayo kama mfuko unaruhusu.

Simamia hivi. Kabla ya kufungua bomba lolote, presha ya akumuleta itolewe kwa mashine, gari lizimwe, wasubiri zaidi ya dakika mbili, kisha betri ndogo ichomolewe. Mtu asifungue mlango wa dereva wakati mwenzake ameshika spana kwenye bomba na betri bado imeunganishwa, kwa kuwa mlango ukifunguka kompyuta ya breki inaamka na pampu inaanza kusukuma. Mafuta yale yanatoka kama sindano.

Mafuta ni DOT 3, chupa mpya isiyofunguliwa, lita moja hadi mbili. Iliyokaa wazi dukani imeshakunywa unyevu. Kutoa upepo kwa mtindo wa kukanyaga na kufungua skrubu hakutoshi, mashine ndiyo inayoongoza valvu zipi zifunguke na kwa mpangilio gani. Baada ya hapo kompyuta ijifunze upya kiwango cha valvu. Hatua hiyo ikirukwa utaona C1345, na watakwambia busta mpya ni mbovu.

Usawa wa mafuta kwenye kikopo uangaliwe gari likiwa limewashwa na pampu imenyamaza. Akumuleta ikiwa tupu mafuta yote yanarudi kikopo na kupanda juu ya MAX, kijana wa gereji anayanyonya, halafu ukiwasha yanashuka chini ya MIN na taa nyekundu inarudi.

Mwisho, kaa ndani mlango umefungwa, gari READY, mguu mbali na pedali, uwashe saa ya simu. Pampu ikijaza mara moja na kukaa kimya kwa dakika kadhaa, saini. Ikirudi ndani ya dakika moja usisaini. Na risiti iandikwe namba za vifaa, kama ni vipya au vya mtumba, kilomita, na waranti ya kazi yenyewe.

Kilimani_Dom
Mafuta yanabadilishwa kila baada ya muda gani?

Mzee_wa_Voltmita
Miaka miwili. Pedi za haibridi zinadumu sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, kwa hiyo hakuna anayefungua gurudumu, na mafuta yanabaki yaleyale hadi yawe rangi ya chai. Vuta kidogo kwa bomba la sindano kutoka kwenye kikopo, weka kwenye karatasi nyeupe. Kama si angavu, usisubiri tarehe.