Rubani mwenye PPL anataka kuturusha Dodoma kwa kuchangishana. Nitume hela au nisitume?

Mkaa Uzioni

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtumishi wa umma, niko Dodoma tangu serikali ilipohamia huku. Nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshakata tamaa ya kuutibu: ndege. Sisemi kusafiri, nasema ndege zenyewe. Ofisi yetu ilipokuwa bado mjini, kabla ya kwenda Mtumba kwenye mji wa serikali, nilikuwa nakula chakula cha mchana kwa dakika kumi ili nikasimame jirani na uwanja nione inayotua. Wanaoijua Dodoma wanajua uwanja uko katikati ya mji, pangaboi, yaani ndege ya propela, ikija inapita juu ya mabati ya watu. Nikisikia mlio tu, kabla sijainua kichwa, nakwambia hiyo ni Q400, hiyo ATR, hiyo Airbus.

Huko huko nje ya uzio nikakuta wagonjwa wenzangu. Mmoja mwalimu, mmoja ana duka la spea za pikipiki, mmoja dada nesi, mmoja kijana wa UDOM. Tuko watano, tuna grupu letu.

Mwezi uliopita grupu likapata mgeni. Kijana kasomea urubani nje, ana leseni ya binafsi, ile PPL, na anakusanya masaa ya kuruka ili baadaye achukue leseni ya biashara. Anasema kuna mtu Arusha mwenye kijindege, Cessna 172, ataikodi, aje nayo Dodoma Jumamosi moja atuzungushe: Hombolo tuone bwawa na mashamba ya zabibu, kurudi tupite juu ya Mtumba na UDOM. Dakika arobaini, saa sita mchana "ili jua liwe zuri kwa picha". Kila mtu laki nne, tutume kwenye simu yake wiki mbili kabla. Mwenye duka ameshatuma.

Hela ninayo. Ninachokosa ni moyo wa kubonyeza kutuma. Tena mama watoto amesema nikipanda kijindege hicho nimwachie kwanza kadi ya benki na namba ya siri.

Wenye uzoefu naomba mwongozo. Mods msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Kipanga wa Area D

Tuma hela mkuu. Utakufa na kiu huku maji unayaona?

Bi Mkubwa Kikuyu

Mkeo apewe maua yake.

Propela Moja

Mleta mada usitume hata mia. Nafanya kazi hii, narusha Caravan kupeleka watalii hifadhini, kwa hiyo siongei kwa kusikia.

Huyo kijana sina shida na uwezo wake. Anaweza kuwa anatua vizuri kuliko mimi. Tatizo ni hiyo laki nne. Leseni ya binafsi inamruhusu kuwa nahodha wa ndege na kubeba watu, ila siyo kwa malipo. Huo ndio msingi wa leseni yenyewe, siyo wa Tanzania peke yake. Ukitaka kuuza kiti, hata kimoja, hata kwa rafiki, unatakiwa uwe na leseni ya biashara, na ndege iwe chini ya kampuni yenye cheti cha uendeshaji kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwenye cheti hicho ndimo yanamokaa mambo ambayo abiria hayaoni: nani anaikagua ndege, kila baada ya masaa mangapi, rubani anapimwa lini, bima inamlipa nani.

Atakwambia "siyo nauli, tunachangia mafuta". Ziko nchi zinazoruhusu kugawana gharama. Marekani kwa mfano, rubani binafsi anaweza kugawana mafuta na abiria wake, lakini lazima na yeye atoe fungu lake, lisipungue la wenzake. Sasa piga hesabu: nyie watano laki nne nne ni milioni mbili. Yeye katoa ngapi? Kama katoa sifuri na anaondoka na masaa kwenye kitabu chake, basi nyie ndio mnamsomesha. Na kanuni ya Marekani usiilete Dodoma, hapa anayekwambia lipi linaruhusiwa ni TCAA. Muulizeni awaonyeshe kwa maandishi.

Halafu bima. Kawaida bima ya ndege ndogo inataja rubani gani na matumizi gani. Ikiandikwa matumizi binafsi halafu ikagundulika watu walilipa viti, kampuni ya bima inafunga faili, hailipi. Angalia na bima yako ya maisha kama unayo, nyingi zina kipengele cha kutolipa ukifia kwenye ndege zisizo za abiria. Mkeo anapodai namba ya siri hatanii.

Mkaa Uzioni

Propela Moja, ahsante sana mkuu. Hapo kwenye "mnamsomesha" nimecheka halafu nikanyamaza.

Mzee wa Makutupora

Wanangu, mimi nimekaa Dodoma tangu ndege za MAF zikiwa hapa, zile za wamisheni zilizokuwa zinapeleka madaktari na wagonjwa vijijini. Cessna nimezipanda mara nne, mara zote kwa kazi, si kwa starehe. Nataka kusema kuhusu hiyo saa sita mchana.

Marubani wale walikuwa wanatuamsha gizani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko uwanjani na blanketi, saa moja mko juu. Nikamuuliza mmoja kwa nini mnatutesa na baridi hii. Akanionyesha uwanda, akasema rudi hapa saa saba uangalie. Nikarudi. Chamchela tatu zimesimama kwa wakati mmoja, nyekundu, ndefu kuliko minara, zinatembea taratibu kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Akasema hizo ndizo unazoziona kwa sababu zimebeba vumbi. Zisizo na vumbi huzioni, na ndizo utakazopita katikati yake.

Mkienda mchana wa kiangazi mtatapika, na picha hamtapiga.

Propela Moja

Shikamoo mzee. Umesema vizuri kuliko mwalimu wangu wa hali ya hewa.

Niongezee hesabu kidogo. Uwanja wa Dodoma uko kama futi 3,670 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, na ndege haijali ramani inasemaje, inajali hewa ina uzito gani. Asubuhi ikiwa nyuzi 18, ndege inajiona iko kama futi 4,900. Mchana nyuzi 31, inajiona iko karibu futi 6,500. Injini inapumua kidogo, propela inakamata hewa kidogo, bawa nalo hivyo hivyo. Utatumia njia ndefu zaidi kuinuka na utapanda polepole sana. Kwa Airbus si habari. Kwa 172 iliyojaa watu, ni habari kubwa.

Fundi Hanga

Naona wote mnaongelea sheria na jua, hakuna aliyeuliza watu watano wanakaaje kwenye 172. Ina viti vinne, kimoja cha rubani. Kwa hiyo ni raundi mbili, siyo moja. Hizo dakika arobaini ni za kila raundi au mnagawana?

Na hata hivyo viti vinne visiwadanganye. 172 za zamani, modeli N, mwisho wa uzito wa kupaa ni pauni 2,300, yaani kilo 1,043. Ndege yenyewe tupu na vifaa vyake chukulia kilo 670 hivi, namba kamili iko kwenye karatasi za ndege husika. Inabaki kama kilo 370. Toa rubani 80. Toa mafuta: inakunywa lita 30 na kitu kwa saa, na huwezi kuweka ya kukutosha kwenda tu, lazima na akiba. Lita 100 ni kilo 72. Mnabakiwa na kilo 218 za kugawana watu watatu, na hapo bado kamera na chupa za maji. Nyie mna kilo ngapi ngapi?

Jambo la pili ambalo hamjalipigia hesabu: ndege inatoka Arusha. Arusha hadi Dodoma kwa 172 ni kama saa moja na dakika arobaini, na itarudi hivyo hivyo. Masaa zaidi ya matatu ya injini kabla hata hamjafunga mkanda. Mwenye ndege anahesabu kila dakika propela inapozunguka. Hela yenu nyingi inakwenda kumrusha kijana peke yake juu ya Babati na Kondoa. Tena 172 inatumia avgas, siyo mafuta ya ndege kubwa. Muulizeni ya kurudia atajaza wapi. Akianza kuongelea madumu, kimbieni.

Kama mna hamu kweli, pandeni basi mwende Arusha au Moshi. Tafuteni chuo cha urubani chenye kibali, ombeni lile somo la kwanza la majaribio. Unakaa kiti cha mbele kushoto, mwalimu kulia, na ukishakuwa juu anakuachia usukani. Ndege imelala pale pale, hamlipii safari ya kuileta. Mwalimu ana leseni ya kulipwa. Bei yake ulinganishe na hiyo laki nne ya kukaa nyuma unaangalia kisogo cha mtu.

Kipanga wa Area D

Mimi nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

Tiketi ya Dirishani

Kwa wenye mfuko mwembamba kama mimi: pandeni pangaboi ya asubuhi Dodoma kwenda Dar, kiti cha dirishani mbele au nyuma kabisa ili injini isikuzibe. Q400 na ATR zote mabawa yako juu, chini unaona mpaka mbuzi. Kurudi chukua treni ya SGR. Nimefanya hivyo mwaka jana, nikalala nyumbani siku hiyo hiyo. Siyo kijindege lakini roho ilitulia miezi mitatu.

Sindano Haiumi

Mkaa Uzioni nimekutambua. Hayupo mwingine anayeomba ushauri mtandaoni kabla ya kuniuliza mimi niliye grupu moja naye. Mbona hukuwaambia wakuu kwamba una kilo 94?

Nami naongeza langu la kitaalamu. Usipande na njaa na usipande umeshiba ugali na maharage. Kipande cha mkate na chai ya tangawizi inatosha. Ukianza kusikia mate yanajaa mdomoni, weka simu chini, angalia mbali pale mbingu inapokutana na ardhi, fungua kitundu cha hewa. Wanaotapika wengi ni wanaorekodi video. Mwenye mafua abaki nyumbani, sikio likiziba wakati wa kushuka utalia mbele ya watu.

Mkaa Uzioni

Dada, kilo 94 ni pamoja na viatu.

Propela Moja

Sindano Haiumi ungefaa kuwa mhudumu wa ndege. Mnisaidie na haya mkifika huko: msitembee kwenda mbele ya ndege hata kama injini imezimwa, propela ichukuliwe kama iko hai muda wote. Na wakati wa kupaa na kutua, kimya. Hakuna "ona ona ona". Mwalimu anasikiliza mnara wa kuongozea ndege.

Mkaa Uzioni

Wakuu narudi na mrejesho, wiki imepita.

Nilimwandikia yule kijana wa PPL kwa heshima kabisa: naomba picha ya leseni, cheti cha afya, karatasi ya bima inayotaja jina lako, na maelezo ya gharama ukionyesha na fungu lako. Tiki zikageuka bluu Jumatatu saa tatu asubuhi. Mpaka leo. Mwenye duka alipodai hela yake amerudishiwa laki mbili, nyingine mbili ameambiwa "zilienda kwenye kibali". Kibali cha nini, kwa nani, hajaambiwa. Sitaki kusema ni tapeli, huenda ni kijana aliyetamani masaa kuliko alivyoisoma sheria. Lakini tumemtoa kwenye grupu.

Tumeamua Arusha. Tumepata chuo, tumewaomba namba ya cheti chao na wametupa bila kununa. Wao wenyewe ndio waliosema tuje saa moja asubuhi, mzee wa Makutupora ungefurahi. Kijana wa UDOM hana hela ya kutosha, tunamchangia nusu, naye atakuwa mpiga picha wa chini.

Chuo kikatutaka tupeleke uzito wa kila mtu, wa kweli, siyo wa kukumbuka. Mizani ya zahanati kwa dada nesi imeharibika. Basi Jumamosi tukaenda soko la Majengo kwa mama mmoja muuza mahindi mwenye mizani ile ya kuning'iniza gunia. Kamba mbili, ubao katikati, unakaa kama mtoto kwenye bembea. Mwalimu 81. Mwenye duka 77. Dada 63, kijana 68. Zamu yangu ndoano ikalia, mshale ukapita 94 ukasimama 97, bila viatu.

Fundi Hanga, nimepiga: mimi na mwalimu wa grupu letu ni 178. Katika zile 218 zako inabaki 40, mtoto wa darasa la sita. Kwa hiyo mimi narushwa na mwalimu wa chuo peke yangu, na gharama yangu iko juu, sawa, nimekubali.

Mama wa mahindi akatuangalia wote watano, akaandika namba zetu kwa chaki kwenye ubao wake chini ya bei ya sembe, halafu akauliza tunakouzwa kilo ni shilingi ngapi.

Bi Mkubwa Kikuyu

Na ile kadi ya benki umeshaiacha nyumbani?

Mkaa Uzioni

Ilichukuliwa tangu Jumapili.