Tupeane uzoefu: mlioacha blogu zenu maisha yakiwavuruga, mlirudije?

Binti Tabata (mleta uzi)
Wakuu, za jioni. Leo nimekatiza mtaa wa Samora nikakuta ile intaneti kafe ya ghorofani tuliyokuwa tunalipia kwa saa imegeuka duka la makava ya simu. Nimekumbuka mbali sana. Mwaka 2008 nilikuwa na blogu yangu Blogspot, naandika mambo ya kawaida kabisa: bei ya dagaa soko la Feri, visa vya makonda, mama yangu na ugomvi wake na kuku wa jirani. Kupandisha picha moja unashuka chini kununua maji, unarudi bado haijafika. Lakini tuliandika! Mpiga picha Issa Michuzi alikuwa ameanza blogu yake 2005, na wengi wetu tukaona kumbe hata mtu wa Dar anaweza.

Baadaye mambo yakaniandama. Mama akapata kiharusi, kazi ikahamia Mbezi, na kila Jumapili niliyoitenga kwa kuandika ikaliwa na msiba, kikao cha harusi au foleni ya maji. Sasa nataka kurudi, na namaanisha. Kwa mlioacha mkarudi: nini kiliwakwamisha, na chapisho la kwanza mliandika nini? Msisite kuandika kirefu, nasoma yote.

Kaka wa Sinza
Uzi umenigusa. Naweka kambi hapa.

Mtoto wa Bondeni
Umenikumbusha Desemba 2011. Tulikuwa tunaishi Jangwani. Mvua ilinyesha usiku, alfajiri maji yakawa usawa wa godoro. Baba alibeba wadogo zangu, mmoja begani mmoja mgongoni, mimi nikakabidhiwa begi la vyeti. Kompyuta ya mezani niliyopewa na mjomba ikabaki. Wakati ule nilikuwa naandika nyumbani, nahamishia kwenye flashi, halafu ndiyo naenda kafe kupandisha. Flashi nayo ilikuwa imechomekwa humo humo. Rasimu za mwaka mzima zikaenda na maji ya Msimbazi.

Tukahamishiwa Mabwepande, tukaanzia kwenye mahema. Nani ana hamu ya blogu akiwa kwenye hema? Nilirudi 2015 nilipopata simu janja, na wala sikuandika habari za mafuriko. Niliandika namna ya kufika Mabwepande kwa daladala: unashukia wapi, unaunganisha na gari gani, nauli, na jinsi ya kumwelekeza mgeni. Hakuna nililowahi kuandika likasomwa kama lile. Watu walikuwa wanatafuta ndugu zao.

Jirani wa Hema
Pole sana. Mabwepande ya mwanzo naijua, nilikuwepo.

Mkulima wa Viroba
Mimi sikukwamishwa na maji. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni. Maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Blogu yangu ilikuwa ya kilimo cha mchicha na matembele kwenye viroba hapa Kimara, haijawahi kuniingizia hata mia. Ukikiuka, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, au vyote pamoja. Mke wangu alisoma gazetini akaniambia, "Baba Asha, mchicha si jambo la kufungwa jela, funga hicho kitu." Nikafunga siku ile ile. Iliniuma, kwa sababu kuna kina mama wa Kibamba walikuwa wananiuliza maswali kila wiki.

Mzee wa Hoja
Mkuu usitishe watu. Zilikuja kanuni nyingine 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Hayo ni ya zamani.

Mkulima wa Viroba
Sijamtisha mtu. Mleta uzi kauliza nini kilitukwamisha, nimejibu.

Mzee wa Hoja
Mimi nilikuwa na blogu 2018 na sikufunga.

Mkulima wa Viroba
Hongera. Mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni.

Dada wa Kurasini
Jamani, tusimharibie mwenzetu uzi. Binti Tabata, kabla hujaanza soma kanuni zinazotumika sasa, hasa kama utagusa habari na siasa. Tuendelee.

Mama Doto
Ngojeni na mimi niseme, sijawahi kuandika haya popote.

Blogu yangu niliifungua 2016 nikiwa na mimba ya pacha. Niliandika kliniki, nguo za kuazima, usiku wa kunyonyesha wawili kwa zamu. Kulwa alifariki akiwa na miezi minane. Baada ya arobaini niliifunga blogu isionekane na mtu yeyote, nikawa naiona mimi tu. Simu iliyokuwa na picha zao ikaja kukwapuliwa dirishani kwenye daladala, pale Buguruni. Kwa hiyo picha za watoto wangu wakiwa wawili zikabaki sehemu moja tu duniani, ndani ya ile blogu.

Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Mimi namba yangu ya kitambulisho cha taifa ilikuwa haijatoka. Laini ikazimwa, baadaye ikauzwa kwa mtu mwingine. Doto alipoanza kuuliza "pacha wangu alikuwaje?" nikakaa niingie kwenye blogu, neno la siri halikubali. Naambiwa namba za uthibitisho zimetumwa kwenye simu, na simu yenyewe ni ile laini ya zamani.

Nikapiga namba yangu mwenyewe. Akapokea mzee, lafudhi ya kusini. Nikamwamkia, nikamwomba anisomee ujumbe ulioingia. Akafoka: "Mmemaliza utapeli wa 'hela tuma namba hii', sasa mmekuja na hii? Hamna hata aibu!" Akakata. Nikirudia haipokelewi. Nikaomba simu ya jirani nikamwandikia ujumbe mrefu, nikamweleza Kulwa na Doto, nikamwambia sitaki hela yoyote.

Ikapita muda, nikakata tamaa. Jioni moja akapiga mwenyewe. Akasema, "Tangu ninunue laini hii kuna mama ananipigia anamtafuta Mama Doto, anadai hela ya vitenge. Kama wewe ndiye, mtaje." Nikasema hapo hapo, "Ni Mama Shamimu wa Ilala, vitenge viwili, kimoja cha samaki wekundu." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Haya mwanangu, tuma hizo namba zako zije." Akanisomea tarakimu moja moja kama anayehesabu mbegu.

Niliingia. Picha ipo. Wamelala kwenye kanga moja, Doto kashika sikio la mwenzake. Nikamwonyesha. Akaangalia sana, akauliza, "Mama, mimi ni yupi?" Tangu siku ile naandika humo, namwandikia yeye.

Kaka wa Sinza
Nimeshindwa kuendelea na kazi. Pole mama yetu. Mungu ampumzishe Kulwa.

Binti Tabata
Mama Doto, nakosa maneno. Asante kwa kutuamini.

Jirani wa Hema
Huyo mzee apewe maisha marefu. Na Mama Shamimu kwa kudai bila kuchoka!

Mzee wa Hoja
Pole sana dada. Lakini wanaosoma hapa wasije wakasomea watu namba za uthibitisho kwenye simu. Leo ni mama mwenye shida ya kweli, kesho ni tapeli anakomba akaunti ya mtu.

Dada wa Kurasini
Si kaeleza kwamba alihojiwa kwanza?

Mzee wa Hoja
Hata matapeli wanajibu maswali.

Mtoto wa Bondeni
Mzee leo umeamka na nani? Mtu kazika mtoto.

Mzee wa Hoja
Ndiyo maana nimetanguliza pole. Mama yangu mzazi alikombwa hela zote za kikoba kwa njia hiyo hiyo, siwezi kunyamaza.

Mama Doto
Hajakosea, mwacheni. Hata yule mzee alikuwa sahihi kunifokea. Ushauri wangu: ukibadilisha laini, siku hiyo hiyo ingia kwenye imeili ubadilishe namba, usingoje kesho.

Mkulima wa Viroba
Naongeza. Ndani ya Blogspot, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya kupakua nakala ya blogu nzima. Inakupa faili moja yenye machapisho yote. Ila picha haziji nazo, hizo zihifadhi pembeni. Mimi nilipakua kabla ya kufunga, mchicha wangu wote ninao.

Binti Tabata
Nisaidieni jambo moja. Chapisho la kwanza niombe radhi kwa kupotea, au nianze tu?

Kaka wa Sinza
Anza tu. Hakuna anayekudai.

Dada wa Kurasini
Sikubaliani. Mtu akirudi nyumbani anabisha hodi. Andika hata sentensi mbili, waeleze mama aliugua. Wapo waliokuwa wanajiuliza kama uko hai.

Mpiga Picha wa Kigamboni
Mimi nilibisha hodi kabla sijafika. Nilitangaza kila mahali kwamba narudi Jumapili tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo hiyo nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kuvizia. Watu wananiuliza "iko wapi?", na picha hazipandi. Sasa sitangazi. Napandisha, ndiyo nasema.

Abiria wa Mbezi
Siri ni kuandika barabarani. Mimi naandika kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi, nikifika kituo cha Gerezani nina aya mbili.

Jirani wa Hema
Simu mkononi karibu na mlango? Humjui aliyemkwapulia Mama Doto. Chukua daftari, andika usiku watoto wakilala.

Abiria wa Mbezi
Usiku na mimi nalala.

Binti Tabata
Nimepata pa kuanzia: nitaandika mama anavyojifunza upya kushika kijiko, na kwa nini nilinyamaza. Swali la mwisho: blogu iko kwenye imeili yangu ya zamani, bado inafunguka ila siitaki tena. Naihamishaje?

Mkulima wa Viroba
Ingia kwa ile ya zamani, nenda sehemu ya ruhusa, alika imeili mpya kama mwandishi. Ukubali mwaliko kwenye imeili mpya, urudi kwa ya zamani, umpandishe huyo mwandishi awe msimamizi. Ya zamani usiifute, picha ulizopandisha kwa imeili hiyo zinaweza kupotea nayo. Ukikwama niandikie pembeni, kesho baada ya saa kumi nakuwa nyumbani.