Naomba ushauri: Basenji wangu haji nikimwita

Wakuu, nina mtoto wa mbwa jike aina ya Basenji, ana miezi 4. Asili yao ni Kongo, mbwa wa kuwinda waliozoea kujiamulia, na kweli habweki ovyo. Ndani nikisema "kaa" anakaa, hasa akiona kipande cha maini mkononi.

Shida ni nje. Akiona kuku anakuwa kiziwi kabisa, na nikimkimbiza anadhani tunacheza. Juzi alichomoka getini, bodaboda nusura imgonge. Tangu siku hiyo sina amani. Kumpiga sitaki, ataniogopa na kurudi ndiyo basi tena.

Nimeanza kumfunga kamba ya mita 10, kila akirudi nampa kinyama. Niendelee hivyo, au kuna njia bora? Waliowahi kumfuga naombeni mnisaidie.