Mgahawa wa "hadhi" hapa Kigoma umeniaibisha mbele ya mama mkwe

Wakuu, hasira nimekaa nazo tangu Jumamosi, leo acha nizitapike.

Mama mkwe katoka Tanga, siku mbili kwenye basi, kuja kuona wajukuu. Mtu wa pwani, samaki anamjua kuliko mimi. Nikasema wikiendi hii simlishi nyumbani Mwanga, nampeleka kule kwenye vitambaa vyeupe, ziwani kabisa, ale kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, ajue na sisi wa bara tuna maji. Jina la mahali silitaji, wenyewe watajijua. Tena nikatanguliza elfu hamsini ya chakula cha mchana wa Jumapili. Ujinga wangu.

Tumefika saa moja usiku, watu saba. Menyu imeandikwa "samaki wa ziwani". Kuhe? Hakuna. Mgebuka? "Umeisha, bosi." Haya, hata dagaa? Kijana akacheka, eti hapa dagaa hawapikwi. Na nyuma ya mgongo wake ziwa zima limewaka taa za wavuvi wa dagaa, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Usiku hauna mwezi, watu wako kazini, mimi naambiwa hakuna!

Tukaletewa sato saa tatu na nusu, watoto wameshalala kwenye viti. Mama akamega kwa mkono, akafika kwenye mfupa, akasita. Akabonyeza kwa kidole. Nyama ya katikati ina barafu, maji mekundu yanachuruzika kwenye wali. Akaniinamia taratibu, binti yake asisikie: "Baba, huyu samaki kalala wapi?"

Nikamuuliza mhudumu. "Anatoka Mwanza, bosi, anakuja kwenye barafu." Mwanza! Wakati Kibirizi, hapa hapa wavuvi wanaposhusha, unafika na bodaboda kabla hata soda haijapoa. Ingekuwa kama mwaka 2024, ziwa lilipofungwa watu wasivue, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ningemeza mate nikanyamaza. Sasa hivi wavuvi wanashusha kila asubuhi.

Bili 240,000. Chini yake, kwa kalamu, VAT asilimia 18, jumla 283,200. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mashine mbovu. Sasa hiyo VAT mnampelekea nani? TRA wanatuimbia kila siku ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai mpaka koo limekauka, meneja anachezea simu. Nikasema basi nirudishieni elfu hamsini yangu, kesho siji. "Advansi hairudishwi."

Jumapili alfajiri nikashuka Kibirizi, nikanunua migebuka bado inang'aa, mke wangu akaiunga kwa mawese, tukala na ugali wa muhogo mkekani. Mama aliongeza mara mbili. Ya jana hakuyagusa hata kwa utani, na huko kunyamaza kwake ndiko kunaniuma kuliko ile bili.

Sasa kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa advansi na watu wa namna hii? Alianzia wapi? Na hili la mashine mbovu, nikiwapelekea TRA ile karatasi ya kalamu itatosha kuwa ushahidi? Ninayo hapa, ina doa la mchuzi lakini tarakimu zote zinasomeka.